Sindano ya Nyumbani ni ya Nani? Mjadala kutoka Bukavu

Kila mwaka Agosti inapoelekea ukingoni, nyumba za Bukavu huingia katika hesabu moja: shati jeupe na sketi ya bluu, shati jeupe na suruali ya bluu, kwa kila mtoto anayekwenda shule. Serikali ya Kongo ilitangaza elimu ya msingi kuwa ya bure kuanzia mwaka wa shule ulioanza Septemba 2019, na wazazi walishukuru, lakini sare haikuingia katika tangazo hilo. Mwenye watoto wanne bado anatafuta mashati manne. Ndipo swali linaporudi katika mitaa ya Kadutu, Bagira na Ibanda: tushone wenyewe, tumpelekee fundi, au tukachague mitumba sokoni?

Swali hili ukilivuta linakuja na mengi: bei ya kitambaa, kumbukumbu ya utawala wa Ubelgiji, sheria ya ndoa, misaada ya mashirika, na mgawanyo wa kazi kati ya mume na mke, kati ya kaka na dada. Nimelipanga kama mjadala wa watu wanne. Watu hao nimewatunga, ila hoja zao zinasikika mjini kila siku. Kuna mama mshonaji wa Kadutu, mwenye mashine ya kukanyaga ndani ya nyumba yake. Kuna papa anayeuza mitumba katika soko la Kadutu. Kuna binti anayesoma uchumi chuo kikuu. Na kuna mwalimu mstaafu, mama aliyefundisha ukataji na ushonaji, fani ambayo shule zetu za ufundi huipeleka hadi mtihani wa Serikali. Mimi nitaingia pale nitakaposhindwa kunyamaza.

MUUZA MITUMBA: Nianze mimi, maana najua lawama zitaniangukia. Mama, tuhesabu pamoja. Kitambaa unanunua kwa mita. Uzi unanunua. Vifungo, zipu, lastiki, makaa ya pasi, vyote ni pesa. Ukimaliza kujumlisha, usiku wako bado hujauweka. Mimi nikifungua balo asubuhi, mzazi anaondoka na fulana na kaptula ya mtoto kwa pesa isiyotosha kununua kitambaa chake, na mtoto anavaa siku hiyohiyo. Sasa huyu anayekesha na mashine anapata faida gani?

MSHONAJI: Papa, fulana nakuachia zote. Kitambaa kinachovutika kinataka mashine nyingine, na hata ningekuwa nayo nisingekushinda bei. Na makoti ya baridi ya watu wazima nakuachia pia. Tuzungumzie shati la shule. Kwenye balo lako kuna jeupe lenye mistari, jeupe lenye maandishi ya kampuni kifuani, na jeupe lililogeuka rangi ya maziwa. Mtoto analivaa, mkurugenzi anamrudisha nyumbani. Na sketi ya bluu ya rika la darasa la pili utaitafuta kwenye balo mpaka mvua ikukute sokoni.

MUUZA MITUMBA: Ipo dukani, mpya, imefungwa kwenye nailoni.

MSHONAJI: Ipo, na nitakwambia tofauti yake na yangu. Sketi ya mtoto naikata ndefu kuliko mwili wake. Chini nakunja pindo la vidole sita, ile ya dukani ina viwili. Kiunoni naweka vifungo viwili kwa tundu moja, kimoja cha mwaka huu na kimoja cha mwaka ujao. Mtoto akirefuka, nafumua pindo na kushusha vidole viwili. Mwaka wa tatu nashusha tena. Pale pindo la kwanza lilipokuwa panabaki mstari, kwa sababu bluu ya juu imepauka kwa jua na sabuni, na ile iliyokuwa imefichwa ndani bado mbichi. Juu ya mstari huo napitisha mshono wa safu mbili au utepe mwembamba, watu wanadhani ni pambo. Sketi moja inakwenda miaka mitatu, halafu mdogo wake anaipokea. Aliyeshona ile ya dukani hamjui mtoto huyu, hana sababu ya kumwachia kitambaa cha kukua.

MWALIMU: Waambie na habari ya kola.

MSHONAJI: Kola ya shati la baba huchakaa pale inaposuguana na shingo. Upande wa chini unabaki mzima kabisa. Unafumua mshono wake polepole kwa wembe, unaigeuza, unairudisha palepale. Shati linaongeza umri, na hakuna hata kidole cha kitambaa kilichonunuliwa. Suruali yake nayo huisha magotini na makalioni. Kuanzia chini ya goti bado ina nguvu, na humo hutoka kaptula ya mtoto wa miaka mitatu. Kikwembe kilichopasuka katikati unakikata pale kilipopasuka, unaunganisha pindo kwa pindo, zile kingo nzima ndizo zinazoingia katikati, zilizochoka zinakwenda pembeni.

MUUZA MITUMBA: Hayo ni kweli, mama yangu aliyafanya. Lakini tusifanye kama mitumba na mashine ni maadui. Hatua chache kutoka pale ninapouzia wamekaa mafundi na mashine zao, na nusu ya kazi yao wanaipata kwangu. Mtu ananunua suruali iliyokatwa kwa mwili wa Mzungu mrefu, anavuka kwa fundi, inapunguzwa kiunoni, inafupishwa, anaondoka amependeza. Mitumba ikikatazwa kesho, hao nao watalala njaa.

Hapa naomba kuingia, kwa sababu jambo hili lina mfano wa karibu, ng'ambo tu ya daraja la Ruzizi. Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo za mitumba kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, ili viwanda vyake vya nguo vipate pumzi. Marekani ikajibu mwaka 2018 kwa kuisimamishia Rwanda nafasi ya kuingiza nguo huko bila ushuru chini ya mpango wa AGOA. Rwanda haikurudi nyuma, na sehemu ya mitumba ikawa inavushwa kwa njia za panya kutoka upande wetu. Sisi tuliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na balo zetu zinaendelea kufunguliwa kila asubuhi.

Nadhani papa yuko sahihi katika jambo hili moja: mshonaji wa Kadutu hajaangushwa na mitumba peke yake. Kalemie ilikuwa na kiwanda cha Filtisaf, Kisangani ilijengwa Sotexki, Kinshasa kulikuwa na Utexafrica, na pamba ililimwa humu nchini. Leo sehemu kubwa ya vikwembe inatoka nje, vingi China, na vile vya heshima vinavyowekwa sandukuni kwa ajili ya harusi bado vinatoka Uholanzi, kwa Vlisco, walioanza kazi mjini Helmond mwaka 1846. Hata shati lililoshonwa nyumbani kwa mikono yetu limeanza safari yake mbali sana. Anayesema tushone ili tujitegemee lazima ajue kwamba anazungumzia hatua ya mwisho tu ya safari ya nguo.

MWANAFUNZI: Basi na mimi niseme, kwa heshima, Mama. Mnazungumza vizuri mno kuhusu pindo na kola hadi mtu anasahau kuuliza ni nani anayeshusha pindo hilo saa nne usiku. Viwanda vilikufa, serikali hailipi, mshahara wa baba unachelewa, halafu pengo lote linazibwa na macho ya mama mmoja mbele ya taa ya simu. Tunaita hiyo akiba. Mimi naiona ni kodi, na inatozwa kwa wanawake peke yao. Nyumbani kwetu kaka zangu walipokuwa wanasoma baada ya chakula, mimi nilikuwa nashona vifungo vyao.

MSHONAJI: Mwanangu, hukufundishwa ubaya.

MWANAFUNZI: Sikufundishwa ubaya, Mama. Nilifundishwa peke yangu.

MWALIMU: Mwache aseme, anagusa jambo la kale. Wakati wa Wabelgiji, mji huu ukiitwa Costermansville, wavulana wachache waliosomeshwa walisomeshwa ili wawe makarani, wasaidizi wa hospitali na walimu. Wake zao walipelekwa katika nyumba za foyer social, wafundishwe kushona, kufuma, kupika, kupiga pasi na kumwogesha mtoto. Nia iliyosemwa ilikuwa njema, na kuna waliojifunza mengi. Lakini mpango wenyewe ulikuwa wazi: mwanaume apate kazi, mwanamke apate mwenendo. Mimi nimefundisha ushonaji maisha yangu yote ya kazi na ninaupenda, na bado nasema darasa langu lilirithi ukuta wa foyer. Katika miaka yote hiyo, wavulana walioingia darasani kwangu walikuwa wa kuhesabika kwa vidole.

MUUZA MITUMBA: Lakini Mwalimu, mafundi wengi wa sokoni ni wanaume!

MWALIMU: Hapo ndipo nilipotaka ufike, papa. Tangu zamani, mwenye mashine barazani mwa duka, mwenye futi shingoni na chaki sikioni, alikuwa mwanaume. Wakati wa Zaire, tulipokatazwa suti na tai mwaka 1972 na kila mwenye cheo akavaa abacost, walioshona hizo abacost na kupata pesa walikuwa wanaume. Wanawake walikatazwa suruali, wakaambiwa wavae kikwembe, na wao ndio waliokifua, wakakipiga pasi na kukitia viraka. Kushona kukiwa na malipo, mwanaume anashona. Kushona kusipolipwa kunaitwa tabia njema ya mwanamke. Vidole ni vilevile, sindano ni ileile.

Niliposikia hoja hii kwa mara ya kwanza ilinikaa, na sijaona jibu lake. Mtu akiniambia mwanaume hana subira ya sindano, namwomba ashuke sokoni Kadutu aangalie.

MSHONAJI: Mwalimu amesema kweli, lakini mimi nina upande wangu, na naomba usidharauliwe. Nilipoolewa, sheria ilikuwa ile ya 1987, Kanuni ya Familia. Mke hakuweza kuingia katika mikataba mingi mbele ya sheria bila ruhusa ya mume. Mwaka 2016 ndipo sharti hilo lilipoondolewa. Ile miaka yote kabla yake, mwanamke aliyetaka kazi ya ofisini au mkopo aliulizwa karatasi ya mume. Mashine iliyokuwa pembeni ya kitanda changu haikuuliza karatasi ya mtu. Jirani alileta kitambaa, nikashona, akanilipa, pesa ikaingia likelemba, mchango wetu wa zamu, na zamu yangu ikifika nikalipa shule. Binti yangu, unaona ukuta wa foyer. Mimi kwenye ukuta huo nilipata mlango.

MWANAFUNZI: Hilo silikatai, Mama. Nisingekuwa chuoni leo kama mama yangu asingeshona.

MSHONAJI: Na mwaka 2025, Februari, mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23 na benki zikafunga milango, waliokuwa na mishahara benki walikwenda kukopa kwa jirani. Watu hawakununua nguo mpya, nani angenunua? Walileta za kurekebisha. Zipu, viraka, kupunguza, kupanua. Noti zilizochanika na zilizochakaa hazikupokelewa dukani, tukawa tunalipana kwa unga, kwa maharage, kwa dagaa wa sambaza. Umeme ulikatika kama kawaida yake, ingawa mabwawa ya Ruzizi yako mlangoni kwetu. Mguu wangu haukukatika.

MUUZA MITUMBA: Mwaka ule hata mimi niliuza kidogo sana. Nilikula kwa fundi.

MWANAFUNZI: Sasa niwaulize jambo linaloniudhi zaidi. Kwa nini kila mradi unaokuja Kivu ya Kusini kwa ajili ya wanawake na wasichana unakuja na mashine ya kushona? Msichana ametoka kwenye kundi lenye silaha, mashine. Mwanamke amebakwa, mashine. Mjane, mashine. Waliohamishwa na vita, mashine. Miezi sita ya mafunzo, cheti, picha ya pamoja, halafu anarudi kwenye kijiji ambako wapo wengine waliopewa mashine mwaka jana, na hakuna mteja. Baada ya muda mashine inauzwa ili mtoto atibiwe. Nasoma uchumi, najua kinachotokea wauzaji wanapozidi wanunuzi. Nani alimwuliza msichana huyo kama anataka kuwa fundi umeme, au kurudi shule?

MWALIMU: Si kila mradi unafanya hivyo. Maison Dorcas ya Fondation Panzi, kwa mfano, inafundisha kushona na kusuka, na pia kusoma, kuandika na hesabu, pamoja na kutunza roho ya mtu aliyeumizwa. Nimeona wanawake ambao kushona kuliwarudishia utulivu kabla hakujawarudishia pesa. Mkono ukipata kazi ndogo inayokamilika, kichwa nacho kinapumzika. Usilidharau hilo kwa sababu haliingii kwenye hesabu zako.

MWANAFUNZI: Silidharau. Nasema tiba ni jambo moja na riziki ni jambo lingine, na mwenye kuchanganya hayo mawili anamdanganya mtu ambaye ameshadanganywa vya kutosha.

Sauti ya binti huyu ni kali, na naisimamia. Kuna tofauti kati ya nyumba inayojua kushona na mji unaojaa mafundi. Ya kwanza haina mwisho wa mahitaji, kwa sababu watoto hawaachi kukua na vifungo haviachi kukatika. Ya pili ina mpaka wake, nao ni idadi ya watu wenye pesa ya kushonesha. Mashirika mengi yamechukua faida ya kwanza na kuitumia kama ahadi ya pili. Mashine ya kushona ndani ya nyumba ni kama sufuria: kila nyumba inaihitaji, na hakuna anayedhani kwamba kila mwenye sufuria atafungua mgahawa. Ukimpa msichana mashine, mwambie ukweli kwamba itamsaidia kuvisha watoto na kuokoa pesa. Ukitaka aishi kwa mashine hiyo, mpe pia kitambaa cha kuanzia, mahali penye wateja, hesabu za biashara, na aina ya kazi ambayo wengine kumi mtaani hawaifanyi.

MWALIMU: Kazi hizo zipo. Vitambaa vya hospitali. Sare za shule kwa mkataba, shule nzima kwa kikundi kimoja cha wazazi. Mifuko ya nguo, kwa kuwa sacheti za plastiki zimepigwa marufuku na bado zinaziba ziwa na mabwawa. Ufumaji wa sufu nao: mji uko juu, kwenye mita zipatazo 1,500, asubuhi ya msimu wa mvua mtoto mchanga anahitaji kofia na soksi, na anayetoka hospitali na kofia iliyofumwa na bibi yake kila mtu anaitazama.

MSHONAJI: Na pedi.

MUUZA MITUMBA: Mama, hapa?

MSHONAJI: Hapa hapa, papa. Una mabinti. Msichana anayekosa shule siku kadhaa kila mwezi kwa sababu hana kitu cha kujihifadhia anapoteza masomo mengi kwa mwaka, na pesa ya pedi za duka kila mwezi nyumba nyingi haina. Naikata kwa patroni ya karatasi, ndefu kama kiganja na vidole vyake. Tabaka la ndani linalogusa mwili ni pamba laini, fulana yako ya mtumba ndiyo bora. Katikati natia matabaka ya taulo la zamani au flaneli. Chini kabisa kitambaa kisichopitisha maji. Pembeni mabawa mawili yenye kifungo cha kubana, ili isisogee mtoto anapokimbia. Kila msichana awe nazo kadhaa, moja mwilini, nyingine kwenye maji, nyingine kwenye kamba.

MWANAFUNZI: Na kamba ndipo ugomvi ulipo. Chuoni tulizungumza sana kuhusu hili. Inaloweshwa kwanza kwenye maji baridi, maana maji ya moto yanakaza doa la damu. Halafu sabuni, halafu jua. Jua lenyewe, la wazi. Lakini msichana anaona haya, anaianika chini ya kikwembe kingine, au chini ya godoro, na Bukavu mvua inanyesha kuanzia Septemba hadi Mei. Inabaki na unyevu, anaivaa hivyohivyo, anapata muwasho na maambukizi. Kisha watu wanasema pedi za nguo ni mbaya. Ubaya uko kwenye haya tuliyomfundisha.

MUUZA MITUMBA: Sasa mimi baba nifanye nini?

MWANAFUNZI: Funga kamba nyingine uani, papa, penye jua, na usiseme neno ukiona kilichoanikwa.

MUUZA MITUMBA: Hilo naliweza.

MWALIMU: Na kifungo chako kishone mwenyewe.

MUUZA MITUMBA: Mwalimu, mimi nilijifunza. Ukapera wangu wote nilikuwa nashona vifungo vyangu. Nilipooa nikaacha.

MWALIMU: Nani alikukataza?

Papa hakuwa na jibu, na nadhani wanaume wengi wa mji huu hatuna. Hakuna sheria iliyotukataza, wala mila ya Bushi, eneo letu hili, inayosema sindano humdhuru mwanaume. Tuliiacha kwa sababu kulikuwa na mtu mwingine wa kuifanya. Ndiyo maana siwezi kusifu ushonaji wa nyumbani bila kuuliza umekaa kwenye mabega ya nani. Ukibaki kwa mama peke yake, binti yule wa chuo ameshinda mjadala: ni kodi, na inafaa ipingwe. Ukigawanywa, kila hoja ya mama wa Kadutu inabaki na nguvu yake yote: pindo la vidole sita, kola iliyogeuzwa, kaptula iliyotoka kwenye suruali ya baba, pedi iliyokauka juani, na pesa ndogo iliyoingia likelemba wakati benki zimefungwa.

Nimeona pia kitu ambacho hakihesabiki kwa franka wala kwa dola, nacho naomba kisichukuliwe kama maneno matamu. Mtoto aliyeketi karibu na mashine akishika mwisho wa kitambaa ili kisiburuzike sakafuni anajifunza kupima kabla ya kukata. Anajifunza kwamba kosa la mshono linafumuliwa, la mkasi halifumuliwi. Mwaka 2020, korona ilipoingia na barakoa zikawa lazima, nyumba zilizokuwa na mtu wa kushona hazikusubiri duka. Vipande vya vikwembe vilivyokuwa vimehifadhiwa kwenye mfuko chini ya kitanda vilitoka, vikakatwa, vikakunjwa mara tatu, vikatiwa lastiki. Mtaa mzima ukafunika mdomo kwa maua ya harusi za miaka iliyopita. Aliyekuwa hajui kushika sindano alilipia.

MSHONAJI: Mimi nilishona zaidi kwa majirani kuliko kwa watoto wangu. Nyingine nililipwa, nyingine sikulipwa.

MWANAFUNZI: Zile ambazo hukulipwa, Mama, uziandike. Daftari dogo tu. Kila kazi, tarehe, ya nani, na bei ambayo fundi wa sokoni angedai. Usimdai mtu. Mwisho wa mwezi mwonyeshe baba.

MSHONAJI: Atashtuka.

MWANAFUNZI: Ashtuke. Akishaona hesabu, ataelewa kwa nini taa ya jioni na mafuta ya mashine ni matumizi ya nyumba na si anasa yako.

MWALIMU: Nami nitaongeza kwa upande wa shule. Saa moja kwa wiki katika darasa la tano na la sita, wavulana na wasichana pamoja: kushona kifungo, kukunja pindo, kutia kiraka, kutumia pasi ya makaa bila kuunguza. Haihitaji mashine. Haihitaji mfadhili. Sindano, uzi na nguo mbovu waliyotoka nayo nyumbani vinatosha. Atakayependa zaidi aende shule ya ufundi kwa hiari yake, awe mvulana au msichana. Wengine waende wakawe madaktari, madereva, mainjinia, wenye vifungo kamili.

MUUZA MITUMBA: Na fulana wataendelea kununua kwangu?

MSHONAJI: Fulana tumeshakuachia, papa.

Uamuzi wangu ni huu. Mitumba ibaki kwa kile inachokiweza, yaani fulana, makoti, na nguo za mtu anayetaka kuvaa leo. Sare ya shule, nguo ya mtoto mchanga, pedi ya msichana na kila kinachohitaji kurekebishwa vishonwe nyumbani au kwa fundi wa karibu, kwa sababu hapo mshono wetu unashinda kwa bei, kwa kudumu na kwa kumjua mvaaji. Mashirika yaache kugawa mashine kama jibu la kila jeraha, na yaulize kwanza anayepewa anataka kufanya nini na maisha yake. Na wazazi wenzangu wa Bukavu, Septemba inakuja. Kabla ya kumwita binti yako aje kushona vifungo vya kaka zake, waite hao kaka, wape sindano na uzi mweupe, na ukae nao mpaka kifungo cha mwisho kishike.